Waini Huonjwa kwa Macho

Wahenga waliotuonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walikuwa na bahati moja: waliweza kuufunua huo mkakasi wakachungulia. Mnunuzi wa waini hana bahati hiyo. Amesimama mbele ya rafu ya supamaketi Mikocheni au Westlands, chupa kwa mamia zinamtazama, zote zimezibwa, kuonja haruhusiwi, na nyuma yake kuna mtu mwenye toroli anayetaka kupita. Mfukoni ana hela ya chupa moja na nauli ya kurudi. Katika hali hiyo wataalamu humshauri aangalie aina ya zabibu, eneo, mwaka wa mavuno na sifa ya mzalishaji. Ni ushauri mzuri sana kwa mtu aliyezaliwa Bordeaux. Sisi wengine tuna lebo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye siku zote anachagua waini kwa kuangalia lebo lakini anaona haya kusema. Haya na aziache leo. Hata wajuzi wanakunywa kwa macho, na wameshikwa wakifanya hivyo. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya waini huko Bordeaux, watu ambao kunusa ndiyo shule yao. Wanafunzi walipewa waini nyeupe, wakaieleza kwa maneno ya waini nyeupe. Baadaye wakapewa ileile nyeupe, imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakainusa kwa makini, wakaieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Ikiwa matone ya rangi yaliweza kuwafanyia hivyo wasomi wa Bordeaux, farasi wa dhahabu kwenye karatasi nyeusi atashindwaje na mhasibu wa Tabata?

Tuanze na wanyama, maana ndio wengi rafuni.

Mnyama kwenye lebo ni ishara njema. Anakuambia kwamba mzalishaji hakutaka kukutisha. Ukoo wa Casella wa Australia ulipoipeleka waini ya Yellow Tail kwenye soko la Marekani mwaka 2001, mbele ya chupa waliweka mnyama wa jamii ya kangaruu anayeruka, na rangi zinazoonekana hata kutoka kwenye foleni ya malipo. Hapakuwa na kasri, wala babu mwenye masharubu, wala neno la Kifaransa la kumuumbua mnunuzi mbele ya keshia. Ilitoka kwa kasi ambayo wenye makasri hawajaisamehe mpaka leo, na baada ya hapo rafu za dunia zikajaa wanyama wa kila namna. Kanuni ni hii: mnyama akiwa anakimbia, waini ni ya kunywa leo. Akiwa amekaa, inaweza kusubiri hadi Jumapili. Akiwa ni simba aliyesimama kwa miguu miwili huku ameshika ngao, ongeza shilingi elfu ishirini kwenye bajeti yako.

Mbuzi nao wana historia yao. Charles Back wa shamba la Fairview, karibu na Paarl huko Afrika Kusini, anafuga mbuzi wa kweli, amewajengea mnara wa kupanda, na ana waini inayoitwa Goats do Roam. Litamke jina hilo harakaharaka utasikia kama umesema Côtes du Rhône, lile bonde maarufu la Ufaransa. Wafaransa walilisikia pia, wakalalamika rasmi. Mbuzi wakaendelea kuzurura. Kwetu huku tunaogopa sana kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo tumshukuru bwana huyu: mbuzi wake yuko hadharani kwenye lebo, kilichofichwa ni waini tu.

Baada ya wanyama wanakuja watu. Sura ya mtu hutia imani, hata kama mtu mwenyewe hakustahili kuaminiwa. Kuna waini ya Australia, 19 Crimes, ambayo lebo zake hubeba picha za wafungwa wa kweli wa karne ya 19 waliosafirishwa kwa meli hadi Australia kutumikia vifungo vyao. Ukielekeza simu kwenye chupa kupitia programu yao, mfungwa anafumbua mdomo na kukusimulia kesi yake. Inafaa sana kwa anayekunywa peke yake na hataki kukiri. Kwa wanaokunywa kiukoo kuna Four Cousins, jina lililotokana na binamu wanne wa ukoo wa Retief, wenye shamba la Van Loveren huko Robertson, Afrika Kusini. Chupa yake ya lita moja na nusu imehudhuria vikao vingi vya harusi kuliko wajumbe wengi wa kamati. Nadhani siri iko kwenye jina. Sisi watu wa huku tukisikia binamu wanne wameelewana kibiashara bila kupelekana mahakamani, lazima tununue tuone.

Mtakatifu kwenye lebo ana soko lake la pekee. Akiwa ameinua macho juu, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye kichala cha zabibu, mnunuzi huamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba waini hiyo ni tamu, na kwamba hailewishi. La kwanza mara nyingi ni kweli.

Ukishindwa kabisa kuamua, uliza mhudumu. Mazungumzo yatakwenda hivi, iwe Sinza au Kijitonyama:

"Mdogo wangu, hii ikoje?"

"Hii nzuri mama, inatoka sana."

"Ni tamu au kali?"

"Ina utamu wake, lakini si ule utamu wa kukera."

"Na hii nyeusi hii?"

"Hiyo wanachukua sana wababa. Nayo inatoka."

Usimlaumu kijana. Anakuambia kitu pekee anachokijua kwa ushahidi wa macho yake, nacho ni kipi kinaondoka rafuni na kipi kinabaki. Ukimuuliza ni ipi haitoki kabisa, atakuonyesha chupa ya rafu ya juu yenye vumbi mabegani, na utakuta lebo yake ni nyeupe, ina mchoro wa kasri kwa wino mweusi, na maneno yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mirathi.

Hapo umefika kwa Wafaransa, na hapo ndipo wengi hupoteza ujasiri. Usiupoteze. Kasri kwenye lebo ni la kutazamwa. Usijaribu kulitamka jina. Mwonyeshe keshia chupa, lipa, ondoka. Wala usidhani kwamba wenye makasri wenyewe wanadharau mapambo. Baroni Philippe de Rothschild, mwenye Château Mouton Rothschild, alimpa Jean Carlu kazi ya kumchorea lebo tangu 1924. Kuanzia mavuno ya 1945, ambayo lebo yake ilikuwa na herufi V ya ushindi wa vita, karibu kila mwaka msanii mmoja huchora lebo ya Mouton, na hulipwa kwa waini badala ya fedha. Salvador Dalí alichora, Joan Miró alichora, Marc Chagall alichora, Andy Warhol naye. Lebo ya 1973 ilibeba kazi ya Picasso, aliyefariki mwaka huohuo. Lakini lebo ninayoipenda mimi ni ya 1993. Balthus alichora msichana aliye uchi, Wamarekani wakapiga kelele, na kwa soko la Marekani Mouton wakaacha sehemu ya mchoro tupu, karatasi nyeupe isiyo na kitu. Kilichofuata ni kwamba wakusanyaji wakaanza kuzitafuta chupa zote mbili, yenye msichana na isiyo na msichana. Kuna watu duniani wamelipia nafasi tupu kwenye lebo. Ukichekwa kwa kununua kangaruu, wataje hao.

Baada ya picha, shika chupa. Inatakiwa kuwa nzito. Tumbukiza kidole gumba kwenye shimo la kitako, na likikimeza chote, uko na waini ya maana. Hakuna sheria yoyote inayounganisha kina cha shimo hilo na kilichomo ndani, lakini kidole gumba hakisomi sheria. Kisha tafuta medali. Kibandiko cha dhahabu chenye kingo za menomeno ni kizuri, viwili ni bora, na vikiwa vitatu hakuna haja ya kuona jina la waini. Robert Hodgson, mtaalamu wa takwimu mwenye kiwanda kidogo cha waini California, aliwahi kufuatilia waini zilizoingizwa katika mashindano 13 ya Marekani, na mwaka 2009 akachapisha alichokiona. Kati ya zile zilizoshindana mara zaidi ya tatu, asilimia 47 zilipata dhahabu mahali fulani, na kati ya hizo zenye dhahabu asilimia 84 zilitoka kapa kwenye shindano lingine. Mtu mwenye roho mbaya atasema dhahabu hiyo ni ya bahati nasibu. Mimi nasema inatia moyo: kila waini inayo dhahabu yake, ikivumilia kusafiri.

Bei nayo ni sehemu ya lebo, na wataalamu wa ubongo wameithibitisha. Mwaka 2008 watafiti wa Caltech na Stanford waliwalaza watu 20 ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawanywesha waini kwa mrija. Waini moja waliipitisha mara mbili, mara moja ikitajwa kuwa ya dola 10 na mara nyingine dola 90. Watu waliipenda zaidi ile ya 90, na ubongo haukuwa unajipendekeza kwa mwenyeji, kwani sehemu yake inayopokea raha iliwaka zaidi pia. Tafsiri ya jambo hili kwa mwenye nyumba wa Mbezi ni rahisi. Ukileta wageni, usibandue kibandiko cha bei. Jifanye umesahau. Mimina huku upande wenye bei ukiwaelekea wao, halafu utaona wanavyofumba macho kwa kila fundo.

Na muziki? Adrian North na wenzake waliweka kwenye supamaketi moja ya Uingereza spika karibu na rafu ya waini. Siku za muziki wa Kifaransa, waini ya Ufaransa iliipita ya Ujerumani, na siku za muziki wa Kijerumani mambo yakageuka. Jarida la Nature lilichapisha habari hiyo mwaka 1997. Wanunuzi walipoulizwa, wengi hawakuona kama muziki ulihusika. Mimi nangoja siku ambayo wakulima wa zabibu wa Dodoma wataomba zipigwe nyimbo za Hukwe Zawose karibu na rafu yao, zeze lilie kwa dakika kumi tu, tuone Mfaransa atauza nini.

Maana Dodoma ndiyo inayonisikitisha katika suala hili la lebo. Zabibu zilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Bordeaux haliwezekani hata kwa maombi. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu na kuna zabibu nyekundu yenye jina la mahali hapo. Hombolo kuna kiwanda. Ukame, udongo wa kichanga, jua la kutosha, wakulima wanaojua kazi: kila kitu kipo. Kisha unafika rafuni unakuta kichala cha zabibu. Chupa ya pili, kichala. Ya tatu, kichala kilekile kimegeuzwa upande, na chini yake jina linalojitahidi kusikika kama la Mtaliano. Mkoa umejaa mibuyu yenye matumbo, umejaa majabali yaliyokaa juu ya majabali, una Wagogo na ngoma zao, halafu lebo inamwonyesha mnunuzi kitu ambacho tayari anajua kimo ndani ya chupa. Dompo pekee, waini ya hukohuko, haijali. Dompo ilishafika mahali ambapo jina linatosha, na mnywaji wake angeinunua hata ikiwa imefungwa kwa gazeti.

Kuna dawa. Tafuta chupa tupu yenye kasri, ioshe, jaza nyekundu ya Dodoma, irudishe mezani ikiwa imefunguliwa tayari, na umwambie shemeji yako aliyesoma Ulaya kwamba umeletewa na rafiki kutoka Paris. Atazungusha glasi. Atasema kuna kitu nyuma ya ulimi. Mwache aseme, ni haki yake. Wewe hakikisha tu kwamba unaishia hapohapo mezani, usiende kuuza.

Kwa sababu yupo aliyekwenda kuuza. Rudy Kurniawan, kijana mzaliwa wa Indonesia aliyekuwa akiishi California, aliifanya kazi hiyohiyo nyumbani kwake kwa kiwango cha kiwanda. Alichanganya waini, akajaza kwenye chupa kuukuu, akabandika lebo alizochapisha mwenyewe, akawauzia matajiri wa Marekani kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2008 chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la Domaine Ponsot ziliingizwa kwenye mnada mjini New York, nyingine zikiwa zimeandikwa mavuno ya miaka ya 1940. Laurent Ponsot akapanda ndege kutoka Burgundy kwenda kuzizuia, kwa sababu ndogo tu: familia yake ilianza kutengeneza Clos Saint-Denis mwaka 1982. Wapelelezi walipoingia nyumbani kwa Kurniawan mwaka 2012 walikuta lebo kwa maelfu. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi. Mabwana wale aliowauzia walikuwa na vyumba vya kuhifadhia waini vyenye kiyoyozi, washauri, na ndimi zilizofundishwa kwa gharama kubwa. Walichagua kwa lebo kama wewe, wakazidisha sifuri.

Turudi kwenye maisha ya kawaida, yaani waini ya zawadi. Hapa lebo si kigezo kimojawapo. Ni yote. Waini ya zawadi katika nyumba zetu hainywewi. Inapokelewa kwa mikono miwili, inasifiwa, inapelekwa kwenye kabati la vioo la sebuleni, na kusimamishwa kati ya sahani za harusi ambazo hazijawahi kubeba chakula na picha ya mtoto aliyevaa joho. Itakaa pale ikiangalia mlango. Wageni wataiona. Kwa hiyo unaponunua, usijiulize itaonjeka vipi. Jiulize itasimama vipi.

Kwa baba mkwe, chukua rangi ya giza: nyeusi, au damu ya mzee, na maandishi ya dhahabu yaliyoinuka kidogo ili akipitisha kidole ayahisi. Farasi anafaa. Meli inafaa. Mbuzi asije, hata wa Paarl, maana kwenye ukwe mbuzi akionekana mambo ya mahari yasiyokwisha yataanza kuhesabiwa upya. Kwa mama mkwe mlokole, usijaribu mtakatifu kwa kudhani anaangukia upande wake. Nunua ile juisi ya zabibu yenye gesi, iliyovaa karatasi ya dhahabu shingoni na kizibo cha waya, ambayo kwenye sendofu zote za mjini hutangazwa na emsii kuwa shampeni. Wafaransa wa mkoa wa Champagne wana sheria kali kuhusu nani anaruhusiwa kutumia jina hilo, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumzuia emsii akiwa na maiki mkononi. Kizibo kikiruka na povu likamwagika kwenye zulia, sherehe imekamilika, kilichomo ni hadithi nyingine.

Urefu wa kabati uzingatiwe. Ile ya lita moja na nusu mara nyingi haiingii ikiwa imesimama, hivyo italazwa, na ikilazwa lebo haionekani na zawadi yako imepotea. Ajabu ni kwamba waini yenye kizibo cha gome inatakiwa ilazwe, kizibo kisikauke, kwa hiyo chupa hiyo iliyoaibishwa ndiyo itakayokuwa salama, na zile zilizosimama kwa heshima miaka mitano zitakuwa siki.

Jambo la mwisho kuhusu zawadi: waini huzunguka. Uliyompa jirani Krismasi atampa bosi wake mwaka mpya, bosi atampa mchungaji, mchungaji atampa mwanakamati, na mwanakamati anaweza kukuletea wewe Pasaka. Weka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya lebo kabla ya kuitoa. Ikirudi, ipokee kwa mikono miwili.

Sasa makatazo. Liko moja tu, lakini ni zito: usigeuze chupa.

Upande wa mbele wa lebo mzalishaji anajisemea anachotaka. Upande wa nyuma analazimishwa. Ukigeuza chupa utakutana na mambo yatakayokuharibia jioni. Utaona asilimia ya kilevi, ukagundua kwamba waini mbili ulizodhani ni mapacha, moja ina 8 na nyingine 14. Nchini Kenya utakuta onyo la afya ambalo sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka liwepo, na Tanzania utakumbushwa kuhusu walio chini ya miaka 18. Utaona mahali waini ilipojazwa kwenye chupa, ambapo pengine ni mbali sana na kasri lililochorwa mbele. Ikitoka Ulaya na ni ya mavuno ya karibuni, utakuta alama ya kusomwa kwa simu, kwa sababu tangu Desemba 2023 Umoja wa Ulaya unataka viambato vitajwe. Ikitoka Afrika Kusini, kwenye shingo unaweza kuona kibandiko kidogo chenye namba, cha mpango wa Wine of Origin ulioanza 1973, kinachothibitisha eneo zabibu zilikotoka. Ni kidogo, hakina mnyama, na hakijawahi kumuuzia mtu chupa.

Utaanza pia kuyahoji maneno makubwa ya mbele. Neno Reserva kwa Mhispania lina sheria yake: nyekundu yenye jina hilo inatakiwa iwe imekaa miaka mitatu, angalau mmoja ndani ya pipa, na Gran Reserva mitano. Lakini Reserve kwenye chupa ya Marekani inaweza kuwa na maana kwamba mchoraji alibakiwa na nafasi. Mfaransa akiandika vieilles vignes anadai mizabibu yake ni mizee, ila hakuna sheria inayosema uzee huo unaanzia miaka mingapi. Mambo haya ukishayajua hutaweza kuyasahau, na ununuzi utakuchukua saa nzima.

Bahati nzuri mwagizaji anakulinda. Mara nyingi yeye hubandika karatasi yake nyeupe, yenye jina la kampuni na sanduku la posta, juu kabisa ya maelezo uliyotaka kusoma, kisha stempu ya kodi inamalizia pale palipobaki wazi. Kinachookoka huwa ni aya moja ya sifa: harufu ya blackberry, ngozi, tumbaku na msitu baada ya mvua. Kama hujawahi kuonja blackberry, weka zambarau, zinakaribiana. Ngozi iache. Mtu aliyepanda daladala saa kumi na mbili jioni hahitaji kuelezwa harufu ya ngozi.

Kuna lebo moja tu ambayo hata mwongozo huu hauitetei. Ni ile ya chupa iliyokaa kwenye dirisha la duka, inayopigwa na jua la mchana mpaka nyekundu yake imekuwa waridi na dhahabu yake imekuwa kahawia. Waini haipendi joto wala mwanga, na chupa ile imepata vyote viwili kwa muda uleule ambao karatasi yake ilikuwa inachujuka. Ukiona pia kizibo kimejisukuma juu, au michirizi imekauka kutoka shingoni hadi kwenye miguu ya farasi, weka chini taratibu. Muuzaji atakuambia ni ya siku nyingi ndiyo maana ni nzuri. Mwambie utairudia ukipata mshahara.

Ukishafika nyumbani, ukafungua, ukaonja, ukakuta kwamba uzuri wote uliishia kwenye karatasi, usihuzunike wala usimwage. Itie barafu, kisha soda, kisha ndimu, na ikiendelea kubisha iweke jikoni, nyama ya ng'ombe haina makuu. Chupa ikiisha iloweke maji ya moto lebo ibanduke, itafaa kwa maji ya friji au asali ya Tabora. Lakini kabla ya kuiloweka, piga picha ya lebo kwa simu ili usije ukainunua tena. Picha hiyo itakusaidia kwa miezi michache. Baada ya hapo mzalishaji ataajiri mchoraji mpya, kangaruu atabadilishwa awe bundi, wewe utasimama mbele ya rafu, utalinganisha na picha, utaona hazifanani hata kidogo, utamchukua bundi, na jioni utawaambia wageni kwamba hii ni bora mara kumi kuliko ile.